Nimlipe Nani Deni la Msondo?

Ndugu msomaji, kabla sijaanza kuhubiri naomba nikiri. Nimekula jasho la watu. Sikulila kwa bahati mbaya, wala kwa siku moja. Nililila kwa miezi ishirini, saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, Jumapili nikipumzika nusu siku kwa ajili ya kanisa. Nililila pale Mkolani, kando ya barabara kuu iendayo Shinyanga, ndani ya kibanda cha mabati chenye kompyuta moja, spika mbili na kiti cha plastiki kilichoshonwa kwa waya.

Mwaka ulikuwa 2013. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yale yaliyoitikisa nchi nzima, yalikuwa yamenitikisa na mimi. Zaidi ya nusu ya watahiniwa tulipata sifuri, na sikuona faraja yoyote katika wingi wetu. Kaka mmoja wa mtaani akanihurumia, akanipa kazi ya kukaa kibandani kwake. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Mtu analeta memori kadi au flashi, unamwekea nyimbo. Kumi kwa shilingi elfu moja. Kila jioni naandika kwenye daftari nimeuza ngapi na za aina gani, maana bosi alitaka kujua soko linaelekea wapi.

Asubuhi walikuja washikaji wa rika langu wakitaka Bongo Flava iliyotoka jana. Mchana, jua likiwaka mpaka mawe ya kilimani yanaonekana kama yanapumua, walikuja wengine: madereva wa daladala za Buhongwa, mafundi gereji, walimu, akina mama wa genge. Hao walitaka zilipendwa. Na kati ya hao walikuwapo wachache ambao hawakutaka zilipendwa kwa jumla. Walitaka Msondo. Ukimwekea Sikinde kwa makosa, kesho anarudi amenuna kama umemuuzia samaki aliyelala.

Mmoja wao alikuwa mzee, dereva wa Fuso la kubeba dagaa. Alikuwa na tabia ya kukaa kwenye benchi la nje na kusikiliza kila wimbo kabla sijamwekea, utadhani ananunua ng'ombe. Bosi wangu alikuwa amezipanga nyimbo zote za zamani katika folda moja aliyoiita ZILIPENDWA MIX, kuanzia Track 01 na kuendelea. Siku moja mzee akaniuliza, "Huyu anayeimba hapa ni nani?"

"Track 07, mzee."

Akanitazama kwa muda. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Track 07 ni mtoto wa nani?"

Nilicheka. Nilidhani mzee ananitania. Makala haya ni jaribio la kumjibu, miaka mingi baada ya kucheka.

Mzee yule ndiye aliyenianzishia historia, na mengine nimeyatafuta mwenyewe baadaye. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika viliunganishwa kuwa kimoja, NUTA, na mwaka huo huo NUTA ikawa na bendi yake, NUTA Jazz. Wanamuziki walikuwa waajiriwa. Magitaa, tarumbeta na ngoma vilikuwa mali ya chama, na mshahara ulitoka kwa chama. Chama kilipogeuka JUWATA mwishoni mwa miaka ya 1970, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kilipogeuka OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, bendi ikawa OTTU Jazz. Mwishowe bendi na chama wakaachana, na bendi ikabaki na jina ambalo hakuna katibu mkuu aliyelipitisha mkutanoni: Msondo Ngoma. Msondo lilikuwa jina la mtindo wao, na kabla ya hapo ni jina la ngoma ndefu ya watu wa Pwani.

Watu nao walikuja na kuondoka. Muhidini Maalim Gurumo, mmoja wa waasisi, alihamia Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978, bendi ambayo mtaani tunaiita Sikinde. Hassan Rehani Bitchuka naye akaelekea huko. Mwaka 1985 Gurumo akaenda Orchestra Safari Sound, kisha baadaye akarudi nyumbani Msondo. TX Moshi William aliimba pale mpaka alipofariki Machi 2006. Shaaban Dede, ambaye maisha yake yote yalikuwa ni kuhama kati ya Msondo na Sikinde na kurudi, alifariki Julai 2017. Kwenye gitaa alikuwapo Saidi Mabera, kwenye tarumbeta Joseph Lusungu na Roman Mng'ande. Nayataja majina haya makusudi, na sababu utaiona mbele.

Mtu wa Dar es Salaam atanibishia. Atasema, Msondo haijasahaulika, mbona kila wikiendi walikuwa na ukumbi na mashabiki wao? Kweli. Lakini hesabu vizuri. Dunia iliyomwona Remmy Ongala na Super Matimila kwenye tamasha la WOMAD mwaka 1988 haikuwaona hawa kwa namna hiyo. Na rika langu, lililozaliwa na Bongo Flava mdomoni, liliwajua kama kelele za redio ya baba. Kati ya dunia isiyowaona na watoto wasiowasikiliza, likabaki kundi dogo lenye imani kubwa: watu wanaojua ni mwaka gani tarumbeta ilibadilika, wanaoweza kugombana harusini kwa sababu ya gitaa la pili.

Nilidhani jambo hili ni la kwetu tu, mpaka rafiki yangu mmoja aliyekuwa anasoma chuo pale Malimbe akaniletea flashi yake. Humo mlikuwa na bendi ya Kiingereza iitwayo The Fall. Mwanangu, ule muziki mwanzoni ulinishinda. Ni muziki wa baada ya panki: magitaa yanakwaruza, na mwimbaji haimbi, analalamika kama kondakta aliyedhulumiwa chenji. Lakini hadithi yao ikanikalisha chini. Walianza Manchester mwaka 1976 na wakaisha mwaka 2018, mwimbaji wao Mark E. Smith alipofariki. Katikati walipita wanamuziki zaidi ya 60. Hawakuwahi kuwa bendi kubwa ya kujaza viwanja. Walikuwa na wapenzi wachache wasioshikika, na mtangazaji mmoja wa BBC, John Peel, ambaye aliwaita studio mara 24 kurekodi kwa ajili ya kipindi chake. Nikakumbuka Radio Tanzania Dar es Salaam. Kumbe huko nako kuna bendi zinazonyonyeshwa na redio ya taifa kwa sababu soko halina maziwa!

Tofauti yao ni moja kubwa. The Fall, wote walibadilika isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alipokufa bendi ikafa naye. Msondo hakuna aliyebaki tangu 1964 hadi mwisho wa kila kitu. Jina limebadilika, mwenye mali amebadilika, waimbaji wamezikwa, na bado watu wanasema, "Leo tunakwenda Msondo." Hapo ndipo swali la kwanza linapozaliwa, na si swali la mchezo: wanakwenda kwa nani?

Swali hili lingebaki la kupigia stori kijiweni kama lisingekuwa na deni ndani yake. Deni lina tabia ya kutaka mtu. Huwezi kumdai upepo, na huwezi kuulipa upepo. Kama ile Msondo iliyoimba nyimbo nilizouza haipo tena, basi deni langu limekufa na mwenyewe na mimi niko huru. Ukiangalia vizuri utaona kwamba mtu anayesema "bendi hii siyo ile" mara nyingi ana faida yake humo. Mimi nilikuwa nayo.

Babu yangu alikuwa Mgika. Kwa msomaji asiye wa kanda hii nieleze: sisi Wasukuma tuna vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo inasimuliwa vilianzishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Vinashindana mpaka leo. Nenda Bujora pale Kisesa mwezi Juni wakati wa Bulabo utawaona, kila upande unavuta watazamaji kwa dawa, nyimbo na vituko, na upande uliojaza watu ndio ulioshinda. Ngika amekufa zamani. Gumha amekufa zamani. Hakuna mchezaji hata mmoja uwanjani aliyewaona. Lakini Mgika wa leo akifungwa anaona aibu ya Bagika wote, na akidaiwa ngoma iliyoazimwa na wenzake waliotangulia, hasemi "aliyeazima amekufa". Anairudisha.

Hapo ndipo nilipopata jibu langu la kwanza. Kinachoifanya bendi iwe ile ile siyo watu, maana watu hufa. Siyo jina, maana jina lao lilibadilishwa ofisini mara mbili. Ni kukubali kurithi. Anayepanda jukwaani kwa jina la Msondo anarithi nyimbo asizozitunga, na mpenzi akiomba ule wimbo wa mwaka 1975, hana ruhusa ya kusema haumhusu. Hassan Moshi, mtoto wa TX Moshi, alipanda jukwaa lile lile la baba yake na kuitwa TX Junior. Angeweza kuimba mengine. Akaubeba mzigo. Na anayerithi mzigo anarithi na haki. Ukikubali kulipa madeni ya marehemu, wanaodaiwa na marehemu hawawezi kukukwepa. Kwa hiyo ile njia yangu ya kutorokea, kwamba Msondo ile haipo, ikawa imefungwa.

Lakini mdaiwa hakosi njia. Nilikuwa na nyingine.

Njia ya pili ni methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama Msondo walikuwa wazuri hivyo, mbona hawakutajirika? Si kosa la kibanda cha Mkolani. Methali hii naiheshimu, lakini nadhani ilitungwa na mtu aliyekuwa na duka barabarani. Chema hakijiuzi. Chema kinauzwa, na swali ni nani anashika pesa. Nyimbo za Msondo zilirekodiwa Radio Tanzania zikapigwa nchi nzima. Kwa muda mrefu nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na santuri zilizotoka zilitolewa Nairobi. Kaseti zilipofika, kila mwenye redio ya kaseti mbili akawa kiwanda. Halafu zikaja CD za kuchoma, halafu memori kadi, halafu mimi. Katika safari yote hiyo chema kilikuwa kinauzwa kila siku, kwa bei nzuri tu, na wakati wote pesa iliishia kwenye mkono wa mtu aliyesimama karibu na mashine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilitungwa mwaka 1999, na COSOTA ikaundwa kwa sheria hiyo hiyo. Nilipokalia kile kiti mwaka 2013 sheria ilikuwa na umri wa miaka 14, na mimi sikuwahi kuisikia hata kwa jina. Kutojua kwangu ni kweli, lakini naomba usikupokee kama utetezi. Sikuijua kwa sababu sikuuliza, na sikuuliza kwa sababu nilikuwa nakula.

Njia ya tatu ndiyo ngumu, na hata leo bado inanisumbua. Tuliwasaidia. Bila vibanda vile, ndugu yangu, nani Mkolani angesikia Msondo? Redio mpya za FM zilikuwa na mambo yake. Duka la kuuza kazi halali za Msondo sikuwahi kuliona kuanzia Nyegezi hadi Buhongwa. Yule mzee wa Fuso aliwabeba Msondo kwenye memori kadi yangu mpaka vituo ambavyo bendi yenyewe haikuwahi kufika. Wizi uliotangaza, uliofanya watoto wajue kitu ambacho wangekikosa, bado ni wizi?

Nilikaa na swali hili muda mrefu mpaka nikalipatia mfano wa ziwani. Tuseme usiku mtoto anazama, na wewe unachukua mtumbwi wa jirani bila ruhusa. Unamwokoa mtoto. Umefanya vema, na hakuna mtu mwenye akili atakayekushitaki kwa kuuchukua. Lakini mtumbwi umepata tundu, na jirani amekosa usiku mmoja wa giza, usiku wa karabai, usiku wa dagaa. Je, uzuri wa tendo lako umeziba tundu? Haujaliziba. Bado unatakiwa kwenda kwa jirani asubuhi, kumwambia mtumbwi ulikwenda wapi, na kuleta mbao na misumari. Ukinyamaza, ndipo unapokuwa mwizi, hata kama mtoto anacheza uani. Mimi na wenzangu wa vibandani tulimwokoa mtoto, sawa. Asubuhi hatukwenda kwa jirani.

Sasa niseme habari ya siku ile iliyonitoa kwenye kiti. Agosti 2013 habari zikaenea kwamba Mzee Gurumo anastaafu, baada ya zaidi ya miaka 50 ya kuimba, bila mali ya kulingana na jina lake. Kibandani tukasikitika sana. Wale wateja wa Msondo wakakaa benchini wakalaani: laana kwa serikali, laana kwa wasimamizi, laana kwa Bongo Flava iliyoua muziki. Mimi nikalaani pamoja nao, huku mkono wangu uko kwenye mausi naendelea kuingiza nyimbo. Haikupita muda, Diamond Platnumz, kijana wa hiyo hiyo Bongo Flava tuliyokuwa tunailaani, akamzawadia mzee gari.

Watu wakaanza ubishi wa aina yake. Eti anatafuta kiki. Eti gari lenyewe si lolote. Inawezekana, sijui moyo wa mtu. Lakini nilijiuliza jambo moja na likanichoma: sisi wapenzi wa kweli, sisi tunaojua gitaa la pili, tulimpa nini? Tulikuwa tumempa mapenzi. Mapenzi yetu tulikuwa tunayavaa kama saa ya dhahabu, yaani tujulikane kwamba sisi tuna masikio na wengine hawana. Nikaona kitu kibaya kuhusu watu wa kundi dogo lenye imani kubwa. Tunapenda kitu kisijulikane, kwa sababu kikijulikana na wote hatutakuwa tena watu wa pekee. Kusahaulika kwao kulikuwa pambo letu. Umaskini wa mzee mmoja ulikuwa unanifanya mimi nionekane mjuzi.

Aprili 2014 Gurumo akafariki. Siku hiyo na zilizofuata niliuza Msondo kuliko siku zote. Ndiyo, umesoma sawasawa. Msiba ulikuwa soko. Nikavumilia miezi michache, nikaacha kazi. Sikuacha kwa utakatifu, nilipata nafasi ya kurudia mtihani. Lakini niliondoka na daftari.

Mwaka 2018 nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli zangu. Kabla ya safari nikalifungua daftari na kuchagua mwezi mmoja tu, Agosti 2013, mwezi wa kustaafu kwa mzee. Nyimbo za Msondo, kuanzia enzi za NUTA: 412. Kwa shilingi mia moja moja, ni 41,200. Nikazitenga. Jumamosi usiku nikatafuta ukumbi wanaopiga, nikalipa kiingilio kama watu, nikakaa karibu na spika.

Msomaji, unajua desturi yetu ya kutunza. Mwimbaji akikugusa moyo unainuka, unacheza mpaka mbele, unampa chako. Walipopiga wimbo mmoja wa zamani niliokuwa nimeuuza mara nyingi, nikainuka. Mwimbaji aliyekuwa mbele alikuwa mtu mzima wa kiasi, na kwa hesabu yangu alikuwa mtoto, au hajazaliwa, wimbo ule uliporekodiwa. Nikampa noti zote kwa pamoja, na juu yake sarafu ya shilingi mia mbili, maana deni ni deni. Alizipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia umeshika maiki, hakunitazama, hakukatisha ubeti. Sarafu ikaanguka ikaviringika chini ya spika. Mama mmoja aliyekuwa anacheza karibu yangu akaniambia, "Baba, umelewa?" Nilikuwa nimekunywa soda.

Nilirudi kwenye kiti nikingoja kujisikia mwepesi. Sikujisikia. Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo tulivyofundishwa, na mimi nimelipa, tena kwa mrithi halali, kwa mujibu wa falsafa yangu mwenyewe ya Bagika. Mbona dawa haifanyi kazi? Nikadhani ni kwa sababu mwezi ni mmoja na miezi ilikuwa ishirini. Lakini nilijua kwamba hata ningeleta ishirini yote, bado.

Ilikuwa ndani ya basi la kurudi Mwanza, mahali fulani usawa wa Singida, yule mzee wa Fuso aliponirudia kichwani. Hakuwahi kuniuliza, "Track 07 analipwa na nani?" Aliniuliza ni mtoto wa nani.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu lote. Pesa nilizochukua ni nusu ya wizi, na ni ile nusu ndogo. Nusu kubwa ni majina. Kaseti za zamani, hata zile za wizi, zilikuwa na karatasi mtu ameandika kwa kalamu ya wino: JUWATA, na pengine jina la mwimbaji. Sisi tulipohamisha nyimbo kwenye mashine tuliona majina yanachukua muda kuandika, tukaweka namba. Tulichukua sauti ya mtu tukamnyang'anya ukoo. Pesa ikipotea mtoto anaweza kutafuta nyingine. Jina likipotea, mwanafunzi wa Mkolani anasikiliza TX Moshi William na hajui kwamba kuna mtu wa kumshukuru. Na pasipokuwa na mtu wa kushukuru, hakuna anayehisi deni. Hivyo ndivyo wizi unavyojizika wenyewe kaburi lisilo na msalaba wala jiwe.

Kwa hiyo jibu langu la swali la kichwa cha habari hii ni hili. Deni la aina hii lina sehemu mbili, na kila sehemu ina mwenyewe. Pesa analipwa mrithi, yule anayeubeba mzigo jukwaani usiku huu, hata kama hakuwepo, hata kama hakutazami. Jina analipwa msikilizaji anayekuja, kwa sababu yeye ndiye aliyeibiwa jina. Marehemu hapokei noti, wala hasikii akitajwa. Lakini mtoto wa jirani anasikia. Ukimwambia, "Huyu ni Gurumo, hiyo tarumbeta ni ya Lusungu, gitaa ni la Mabera," umemrudishia kitu kilichokuwa chake na wewe ulikikalia.

Najua kuna atakayesema hii ni njia rahisi, kulipa kwa maneno. Hapana, bwana. Jaribu. Nimekuwa nikikaa na zile faili jioni, nikizisikiliza moja moja, nikiuliza wazee, nikilinganisha sauti. Kuna nyimbo ambazo wazee watatu wananipa majina matatu na kila mmoja yuko tayari kuapa. Jina moja linaweza kunichukua wiki. Wakati ule nilikuwa naiba kumi kwa dakika mbili.

Nimalizie kwa sisi wenyewe, tunaoandika katika kurasa hizi. Tusidanganyane, tuko karibu na Msondo kuliko na Diamond. Gazeti letu linasomwa na wachache, linapigwa kopi, linapita mkono kwa mkono kutoka Mkolani hadi Butimba likiwa na madoa ya chai. Kila mwezi mmoja wetu anauliza kijiweni, "Hivi tunaandika kwa ajili ya nani?" Zamani ningemjibu kwa majivuno, kwamba wachache wanaoelewa wanatosha. Jibu hilo silitaki tena. Nimeona linamwacha mzee anastaafu na njaa huku wanaoelewa wanapongezana.

Wala sitakuambia kwamba ukivumilia miaka 50 utakumbukwa. Msondo walivumilia, na mimi niliwaita Track 07. Kuvumilia hakumlazimishi mtu yeyote kukukumbuka. Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi. Kila Jumamosi kulikuwa na mtu aliyepanda jukwaani akaubeba wimbo ambao hakuutunga, kwa ajili ya watu ambao hakuwachagua, na kwa sababu yake wimbo ukafika. Hiyo ni kazi, na mtu anaweza kuifanya bila kujua mwisho wake.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako gazeti. Likitolewa kopi sitagomba, nani mimi wa kugomba? Lakini tafadhali, unapoikata karatasi ili ienee kwenye mashine, usikate pale juu penye jina la mwandishi. Na ukiwa na simu yenye wimbo wa zamani ulioandikwa namba, usiku wa leo muulize mzee wa nyumbani kwenu huyo ni mtoto wa nani.

Mimi Track 07 nimempata. Alikuwa TX Moshi William. Mzee wa Fuso sijamwona tena nimwambie.